Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mambo ya kale Zanzibar: Fukueni upande wa moto

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale, Mkurugenzi, na maofisa wote mnaosimamia makumbusho na majengo ya kale ya Unguja na Pemba,

Assalamu alaykum.

Mimi ni fundi mwashi. Baba yangu alikuwa mwashi, na babu yangu alikuwa mchoma chokaa. Nimekulia pembeni ya tanuri: magogo ya mnazi chini, mawe ya matumbawe juu, moto unawaka usiku kucha, na jiwe likishaiva linamwagiwa maji mpaka lipasuke liwe unga. Kwa hiyo nikiingia katika jengo la zamani, macho yangu hayaendi kwanza kwenye nakshi. Yanatafuta palipoungua.

Barua hii inahusu hapo palipoungua.

Kila anayepanda Kidichi huonyeshwa kuba na kuingizwa vyumbani, akaambiwa kwamba Seyyid Said bin Sultan alilijenga hamamu lile, nyumba ya kuogea kwa maji ya moto, mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shahrazad, mjukuu wa Shah wa Uajemi. Anainua uso kutazama mapambo ya chokaa, maua na ndege, anapiga picha, anatoka. Mimi naipenda sana nakshi ile. Najua mkono wa fundi huchokea wapi, najua chokaa ikishaanza kukauka haikubali tena kurekebishwa, na namheshimu aliyeifanya. Lakini hamamu si nakshi, waheshimiwa. Hamamu ni moto na maji, na upande wa moto hatuusimulii.

Nieleze kidogo kifundi, kwa sababu wengi hawajapata kuelezwa. Hamamu la aina hii huwa na tanuri nyuma ya chumba cha joto, na sehemu ya kuwashia iko chini ya usawa wa sakafu. Tanuri lina mlango wake, mbali na mlango wa waogaji. Juu ya moto hukaa birika la maji. Moshi na hewa ya moto haviachiwi vitoke hivi hivi. Hupitishwa kwanza katika njia nyembamba chini ya sakafu, kisha hupanda ndani ya ukuta na kutokea juu kwenye dohani. Jiwe hulishika joto taratibu na kulitoa taratibu, ndiyo maana moto wa hamamu hauwashwi saa ya kuoga. Huwashwa mapema sana, na lazima awepo mtu wa kuulisha kuni kwa kipimo. Ukizidi, sakafu inaunguza nyayo na lipu inapasuka. Ukipungua, mwenye hamamu anaingia anakuta maji ya uvuguvugu, na sote tunaweza kukisia nani angeulizwa. Mtu huyo hakuoga mle ndani. Alikuwa nyuma, na majivu.

Ni nani? Kidichi palikuwa shamba la karafuu, na Kizimbani vilevile, ambako nako kuna hamamu. Mkarafuu uliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ukapandwa, ukapaliliwa na kuchumwa na watumwa walioletwa kutoka bara: Wanyasa, Wayao, Wazaramo, Wamanyema na wengine. Soko la watumwa la Mjini lilifungwa mwaka 1873, na amri ya kuufuta utumwa kisheria haikutoka mpaka mwaka 1897. Hamamu la mwaka 1850 limekaa katikati kabisa ya wakati huo. Kuni hazikujipandisha zenyewe kilimani. Maji hayakujiteka.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa kibarua katika ukarabati wa jengo moja la kale. Silitaji jengo, wala simtaji aliyetupa kazi. Tuliambiwa tusawazishe uwanja wa nyuma ili gari ya mchanga ipate njia. Udongo wa pale ulikuwa mweusi, mlaini, umejaa makaa na vigae. Mtoto wa mchoma chokaa hahitaji kuambiwa, ule haukuwa udongo, yalikuwa majivu ya miaka mingi. Tuliyachota siku mbili. Gari iliyapeleka kufukia mashimo barabarani. Na mimi nilishika koleo kama wenzangu. Katika majivu niliokota shanga tatu, mbili nyekundu na moja ya buluu, nikampa msimamizi. Aliziweka juu ya mfuko wa saruji, akaendelea na simu. Jioni nilipita tena pale, mfuko ulikwishatumika na shanga hazipo.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba zilikuwa takataka tu. Niliacha kujiambia hivyo siku binti yangu, anayeishi Marekani, aliponichukua kwenda Mount Vernon, Virginia, shamba la George Washington, rais wa kwanza wa nchi ile.

Katika bustani ya Mount Vernon kuna nyumba ndefu ya matofali yenye madirisha marefu sana upande unaopata jua. Ni nyumba ya kufugia mimea ya nchi za joto, milimao na michungwa, ipite salama wakati wa baridi. Washington alipotaka kuijenga, mwaka 1784, alimwandikia Tench Tilghman, aliyekuwa msaidizi wake vitani, amtafutie vipimo vya nyumba kama hiyo aliyokuwa nayo Bi Carroll karibu na Baltimore. Ikakamilika mwaka 1787. Watu walikuwa wanapiga picha upande wa mbele, kwenye maua. Mimi miguu ilinipeleka nyuma, kwa mazoea ya kazi. Nyuma nikakuta chumba cha moto. Moto uliwashwa upande huu wa ukuta, hewa yake ya joto ikapita katika njia za chini ya sakafu na kuipasha nyumba. Nilisimama pale mpaka binti yangu akaja kuniuliza, "Baba, vipi, umechoka?" Nikamwambia, "Mwanangu, hili ni hamamu la miti."

Kushoto na kulia ya nyumba ile kuna mbawa mbili. Ziliongezwa miaka ya 1790, na yalikuwa makazi ya watumwa. Mwaka 1799, mwaka aliofariki Washington, Mount Vernon ilikuwa na watumwa 317. Jengo la asili liliteketea mwaka 1835, na hilo nililoliona lilijengwa upya mwaka 1951. Lakini tazameni walichofanya walipolirudisha: walirudisha na vyumba vya watu wa moto. Mgeni anaingia, anaona vitanda vya mbao vilivyobebanishwa, anaona jiko lao. Hawezi kutoka pale akiwa amebeba harufu ya maua ya mlimao peke yake.

Niliporudi kwa binti yangu nilimsumbua kila usiku anisomee habari za majengo ya namna hii. Ndipo nikaifahamu Wye House, na hii nataka niieleze kwa urefu, kwa sababu ndiyo hasa ninayoiombea Zanzibar.

Wye House iko Maryland, upande wa mashariki wa ghuba ya Chesapeake. Lilikuwa shamba la ukoo wa Lloyd, matajiri wakubwa wenye watumwa wengi mno. Frederick Douglass, aliyekuja kuwa mmoja wa sauti kubwa kabisa za kupinga utumwa duniani, aliishi pale akiwa mtoto, miaka ya 1820. Alipoandika habari za maisha yake mwaka 1845 aliikumbuka bustani. Alikumbuka matunda yalivyowatamanisha watoto wenye njaa, na jinsi bwana shamba alivyoupaka lami uzio wote, ili mtumwa yeyote atakayeonekana na lami mwilini ahesabiwe kuwa aliingia au alijaribu kuingia, na achapwe. Hebu fikirini hilo. Bustani ambayo kuugusa tu uzio wake ni ushahidi wa wizi.

Ndani ya bustani hiyo kuna nyumba ya michungwa ya karne ya 18, bado imesimama, na mfumo wake wa kupasha joto kwa tanuri na njia za hewa upo. Kwa miaka mingi ilisifiwa kama ushahidi wa elimu na ustaarabu wa mabwana wa Lloyd. Ilikuwa hadithi nzuri, kama yetu ya Kidichi. Kisha wakaja wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Maryland, wakiongozwa na Mark Leone, wakafukua, na hawakuishia upande wa madirisha. Walikwenda nyuma. Wakagundua kwamba chumba cha nyuma, kile kilichopakana na tanuri, kilikuwa nyumba ya watu. Watumwa waliishi mle kuanzia takribani mwaka 1785 hadi 1820. Walilala, wakapika na kula bega kwa bega na moto waliokuwa wakiulisha.

Mlangoni walikuta vitu vidogo vilivyozikwa makusudi, kama kinga. Na ndani ya matofali ya tanuri lenyewe, wakakuta mchi. Mchi wa jiwe, wa kale sana, uliokuwa wa wenyeji wa asili wa Amerika kabla ya Wazungu kufika. Mtu fulani aliuokota, akauhifadhi, na tanuri lilipojengwa akaujengea mle mle ndani ya matofali. Watafiti waliuhusisha na imani zilizotoka Afrika Magharibi. Mimi kama mwashi nina neno moja tu la kuongeza. Kitu hakiingii ndani ya ukuta kwa bahati mbaya. Ukuta hujengwa tofali kwa tofali, na kila tofali lina mkono. Aliyeuweka mchi ule alijua anachofanya, na alijua pia kwamba bwana hatauona kamwe, kwa sababu bwana hakuwa na haja ya kuja upande ule. Amefariki bila jina kuandikwa popote, na bado saini yake imedumu zaidi ya miaka mia mbili.

Wakachukua pia udongo na kutafuta chavua ndani yake, ile vumbi ya maua, ambayo hukaa ardhini karne na karne bila kuoza ikiwa mazingira yanaruhusu. Kwa njia hiyo wakajua ni mimea gani iliyopita katika nyumba ile, ya mapambo, ya chakula na ya dawa. Hapo ndipo picha ilipogeuka. Waliokuwa wakionekana kama mikono tu ya kubeba kuni wakaonekana kuwa wakulima wenye ujuzi. Kuilea milimao na michungwa mahali panapoganda barafu kunahitaji mtu anayejua usiku huu utakuwa wa baridi kiasi gani, aongeze gogo au asiongeze, afungue dirisha au alifunge. Ujuzi huo ulikuwa wao.

Kuna jambo jingine walilolifanya Wye House ambalo linanigusa kuliko yote. Karibu na shamba lile kuna kijiji kiitwacho Unionville, kilichoanzishwa na watumwa wa zamani waliorudi kutoka vitani walikopigania uhuru wao. Watafiti walikwenda kuzungumza na wazao wa watumwa wanaoishi huko, wakawauliza: nyinyi mnataka kujua nini? Yaani maswali ya uchimbaji yalitoka pia kwa wazao. Wakataka kujua wazee wao waliamini nini, waliishi vipi. Na wazao wa ukoo wa Lloyd, ambao bado wanalimiliki shamba, waliruhusu ardhi yao ifukuliwe. Wote walikuwa na haki ya kujua.

Nisitoke hapa bila kusema kwamba hata hao na sisi hatuko mbali. Douglass alitoroka utumwani mwaka 1838, akafikia New York. Miaka miwili baadaye, mwaka 1840, merikebu ya Seyyid Said, Sultana, ikatia nanga bandari hiyo hiyo ikiwa na bidhaa za Unguja, karafuu zikiwemo. Na sisi tukavaa merikani, kitambaa kilichofumwa Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Mtumwa wa shamba la karafuu hapa alivaa jasho la mtumwa wa shamba la pamba kule. Wala hawakujuana.

Huko Ulaya nako mambo haya yapo, ingawa nitayapitia haraka. Dunmore, Uskoti, lipo jengo la bustani la mwaka 1761 lenye nanasi la mawe juu yake, kubwa kama nyumba. Kuta za bustani yake zilikuwa na uwazi ndani, hewa ya moto kutoka tanurini ikipita humo kupasha mimea joto. Dohani zake zilichongwa mfano wa vyungu vya mapambo ili asitambue mtu kwamba hapo panatoka moshi. Hata moshi wa kazi ulikuwa aibu, ukavalishwa nguo.

Lakini Heligan, Cornwall, Uingereza, hiyo lazima niitaje. Bustani za Heligan zilitelekezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, zikafunikwa na mwitu, na zilipoanza kufufuliwa miaka ya 1990 walikuta shimo la kuoteshea mananasi lililokuwa likipashwa joto kwa samadi ya farasi inayochacha. Wakakuta pia choo cha watunza bustani. Kwenye ukuta wake uliopakwa chokaa, watunza bustani wale walikuwa wameandika majina yao kwa penseli, na tarehe: Agosti 1914, mwezi vita vilipoanza. Wengi wao hawakurudi. Wale waliofufua Heligan wakaamua kwamba hadithi ya mahali pale itakuwa ya watu wale, si ya mabwana. Chokaa waheshimiwa, chokaa ya chooni, ndiyo iliyowatunza. Kama angetokea fundi mwenye haraka akakwangua ukuta na kupiga lipu mpya ya saruji, leo wasingekuwepo.

Narudi nyumbani.

Ninachowaomba ni hiki. Pasifanyike ukarabati wowote wa hamamu za mashambani, wala kusawazisha uwanja, wala kupanda nyasi, wala kumwaga zege la maegesho nyuma ya majengo hayo, kabla upande wa moto haujafukuliwa na watu wa akiolojia na kuandikwa. Kidichi, Kizimbani, Mtoni, Marahubi. Tanuri, shimo la majivu, njia ya kuni, kisima au mfereji wa maji, na eneo la karibu ambako watu wa kazi wangeweza kuwa walilala. Nakshi imekwishapata macho ya kutosha. Majivu ndiyo yanayopotea kila fundi anapohitaji njia ya gari.

Mnaweza kuniuliza majivu yatasema nini. Yatasema mengi. Kipande cha mkaa hubakia na mishipa ya mti wake, na wataalamu huitazama kwa darubini wakajua ni mti gani. Mimi mwenyewe bila darubini najua moto wa mkoko haufanani na wa mnazi, mkoko ni mkali na unakaa, mnazi unawaka na kupita. Basi tutajua kama kuni za hamamu zilikuwa mikoko iliyokatwa mbali na kubebwa, au miembe ya shambani hapo hapo. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Je, kuna tabaka la majivu ambamo mkaa wa mkarafuu unajaa ghafla? Likiwepo, tutakuwa tumeushika mwaka huo kwa mkono, ndani ya shimo la kuni, na tutajua tanuri lilikuwa bado linawaka. Vigae vitasema walipikia vyungu gani. Mifupa na magamba vitasema walikula nini. Shanga zitasema kwamba aliyekuwa akilisha moto alijipamba.

Mtoni, kasri la Seyyid Said, ina deni la pekee. Bi Salme binti Said alizaliwa pale mwaka 1844, na katika kumbukumbu alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886 aliieleza nyumba ile iliyokuwa na zaidi ya watu elfu moja, na safu ya vyumba vya kuogea ambavyo havikupoa kwa watu, na hamamu la Kiajemi lililokaa peke yake mbali na vingine. Tunamshukuru. Bila yeye tungekuwa na kuta tu. Lakini Bi Salme alikuwa binti wa mwenye nyumba, akaandika alichokiona binti wa mwenye nyumba. Wale wengine wa hiyo elfu moja hawakuchapisha kitu. Maandishi yao yako ardhini, na msomaji wake ni mchimbaji mwenye subira.

Marahubi nayo, kasri alilolijenga Seyyid Barghash miaka ya 1880, liliungua mwaka 1899. Zimebaki nguzo na mabaki ya hamamu. Watu hupigia pale picha za harusi. Sina neno na harusi. Naomba tu kamba izungushwe upande wa tanuri kabla ya viatu na magurudumu kuumaliza.

Msidhani naleta jambo geni. Mwanaakiolojia Sarah Croucher alikwishafanya utafiti katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, akafukua Mgoli, Pemba, na kulitazama shamba kama makao ya wote walioishi humo, mwenye shamba na mtumwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia. Vijana wetu wapo. Na mafundi tupo, ambao tukifundishwa siku chache kushika mwiko mdogo badala ya koleo, tutakuwa macho yenu kila panapovunjwa ukuta. Liandikeni hilo katika kila mkataba wa ukarabati: fundi akiona majivu, kazi isimame mpaka mtu wa mambo ya kale afike. Siku atakazosimama alipwe ujira wake kamili, kwa sababu fundi mwenye watoto hawezi kusimamisha kazi kwa mapenzi ya historia peke yake.

Najua lipo zito kuliko fedha. Kwetu hapa habari ya utumwa haizungumzwi barazani. Mtu akiulizwa asili yake husita, akatafuta neno la kupitia. Wapo watakaosema, mnafukua ya nini, hao wamekwisha, na sisi sote ni Waislamu na ni ndugu, tusije tukaamsha fitina. Naiheshimu hofu hiyo, maana visiwa hivi vimeonja fitina. Ila nawaambia kutoka nyumbani kwangu mwenyewe. Kwa upande wa baba tunahesabu mababu saba na tunawataja. Kwa upande wa mama tunafika kwa bibi mmoja aliyeletwa kutoka Nyasa akiwa mtoto, na hapo hesabu inakatika, hata jina alilopewa na mama yake hatuna. Mama yangu alikuwa akiteremsha sauti akimtaja. Alikuwa hana kosa, yule bibi. Kwa nini aliyetendewa ndiye atajwe kwa sauti ya chini? Mimi ni mjukuu wa pande zote mbili, na Wazanzibari wengi ni hivyo hivyo. Kwa hiyo hakuna anayefukuliwa kaburi la adui. Ni babu zetu hawa na babu zetu wale.

Kwa hiyo kabla koleo halijagusa ardhi, kakaeni na watu wa Kidichi, wa Bububu, wa Mtoni. Wazee wanaojua shamba lilipakana na nini, kisima kilikuwa wapi, mwembe gani haukatwi na kwa nini. Waulizeni wanataka kujua nini, kama walivyoulizwa watu wa Unionville. Fanyeni hivyo kabla ya mipango kukamilika mezani, ili maswali yao yaingie ndani ya kazi.

Na yakishapatikana, mgeni apitishwe kwanza nyuma. Hili nimelifikiria sana. Leo mtalii na mtoto wa skuli wote huingia kwa mlango wa Bibi Shahrazad. Waanze kwa mlango wa mwenye kuni. Wainame, wauone mdomo wa tanuri, waone masizi ndani ya ukuta, waelezwe saa ngapi moto ulianza. Halafu wazunguke, waingie chini ya kuba, watazame maua. Nakshi haitapungua uzuri. Wataiangalia wakijua joto lililoifikia lilitoka wapi. Na kibao kiandikwe kwa Kiswahili kizuri, kwa herufi kubwa, kwa sababu mwenye haki ya kwanza ya kukisoma anaishi kilomita mbili kutoka pale na hajawahi kuingia ndani.

Mimi sitaki cheo wala kamati. Nina miaka ya kutosha mikononi mwangu kujua udongo uliopikwa na usiopikwa, na niko tayari kufundishwa yale nisiyoyajua. Siku mtakapofunga kamba ya kwanza nyuma ya ukuta, niiteni, nitakuja na mwiko na ndoo yangu. Na shanga zikitokea, naomba safari hii awepo mtu mwenye daftari, aandike zilitoka tabaka gani na karibu na nini, kabla hazijawekwa popote.

Wabillahi tawfiq.

Fundi mwashi wa chokaa,
Unguja